Garanti Tumeshailipa, Tuletewe Hapa Kolwezi

Kila laptopu mpya inayouzwa hapa Dilala, mjini Kolwezi, imebeba ndani ya bei yake fedha ya kuitengeneza pindi ikiharibika kwa kosa la kiwandani. Fedha hiyo mtengenezaji haitoi kwa huruma, anaikata kwetu. Kampuni kubwa za kompyuta zinazouza hisa zao Marekani hulazimika kuonyesha katika hesabu zao kiasi zilichotenga kwa matengenezo ya garanti, na mfanyabiashara yeyote anajua kwamba gharama iliyotengwa hurudishwa katika bei. Kwa hiyo mama wa sokoni aliyeweka akiba miezi mingi ili mwanawe wa chuo apate mashini amelipia vitu viwili: mashini yenyewe, na ahadi ya kuitengeneza. Mashini amekabidhiwa. Ahadi hakukabidhiwa, na kwa mambo yalivyo leo hatakabidhiwa. Kuchukua fedha ya mtu kwa kitu ambacho hukujiandaa kumpa ni dhuluma, hata kama umeiandika kwa lugha nyingi katika kijitabu kilichomo ndani ya boksi.

Tufuate njia anayopita mtu wa Kolwezi. Siku mashini inapozima isiwake tena, anarudi kwanza dukani. Muuzaji anamwambia garanti yake ilikuwa ya wiki moja, au ilikuwa ya kuiwasha mbele yake tu ili aone kwamba inawaka. Akishikilia haki yake, anaelekezwa kwa mtengenezaji. Anaingia katika tovuti kwa megabaiti alizonunua kwa fedha yake, anaandika namba iliyobandikwa chini ya mashini, kisha anaulizwa yuko nchi gani. Hapo ndipo mlango unapofungwa. Mashini iliuzwa kwa soko la Ghuba, au la China, au la Afrika Kusini, na garanti yake inahudumiwa katika soko hilo. Akitajiwa kituo cha Kinshasa, ajue kwamba Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa na mtu haendi huko kwa teksi. Akitajiwa kituo cha nchi nyingine, usafiri ni juu yake, forodha ya kwenda na ya kurudi ni juu yake, na mzigo ukipotea njiani hasara ni yake.

Tarehe nazo zinamla. Mteja asipokuwa na risiti inayokubalika, watengenezaji wengi huhesabu garanti kuanzia siku mashini ilipotoka mikononi mwao. Sasa hesabu mwenyewe. Mashini inatoka kiwandani China, inakaa ghalani Dubai, inavuka bahari hadi Dar es Salaam, inapanda lori hadi Tunduma, inakatiza Zambia, inasubiri katika foleni ya Kasumbalesa, inalala Lubumbashi, ndipo inapokuja kwetu kwa kilomita nyingine 300 za barabara. Miezi inaishia baharini na mipakani. Mteja wa Dilala anafungua boksi lisiloguswa na mtu, wakati garanti iliyomo imekwisha kuliwa nusu.

Binti wa dada yangu alinunuliwa laptopu kwa masomo yake ya chuo. Ilikuwa mpya kabisa. Kabla ya mwaka kwisha betri ikaanza kuvimba, ikavimba hadi kibodi ikainuka. Niliwaandikia watengenezaji. Walinijibu kwa adabu: namba waliitambua, muda wa garanti ulikuwa haujakwisha, na kuvimba kwa betri walikubali kwamba ni jambo linaloingia katika garanti. Kisha wakaniagiza niipeleke mashini katika kituo chao kilicho nchi nyingine. Nilikwenda kwa wasafirishaji wa vifurushi, nao wakanikatalia wakiwa na haki. Kanuni za IATA, shirikisho la mashirika ya ndege, zinakataza betri ya lithiamu yenye kasoro au iliyoharibika isisafirishwe kwa ndege, kwa kuwa inaweza kuwaka moto angani. Kanuni hiyo inaokoa maisha na siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni huu ukatili ulioandikwa kwa lugha laini. Mtengenezaji anaijua kanuni hiyo kuliko mimi. Anajua kwamba betri mbovu haipandi ndege. Akimwambia mtu wa Kolwezi aitume ng'ambo, amekwisha kumnyima garanti. Betri iliyovimba hutengenezewa mahali ilipo, au haitengenezwi kabisa.

Watasema Kolwezi ni mbali. Umbali huo nimeuchunguza, na nasema haupo. Asimame mtu asubuhi moja kando ya barabara ya Likasi atazame. Malori yanakwenda na shaba usiku na mchana, na hidroksidi ya kobalti inaporuhusiwa, kutoka migodi ya KCC, Mutanda na Tenke Fungurume, hadi bandari za Dar es Salaam na Durban. Yanarudi na asidi, chokaa, matairi, vipuri. Ndani ya migodi kuna malori ya kubebea mawe ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kwa urefu. Lori kama hilo likiharibika, halipelekwi Dubai. Fundi aliyefunzwa na kiwanda anakuja hapa hapa na kipuri chake, kwa sababu mkataba wa mgodi unasema hivyo, na kila saa lori linapolala kuna mtu anayelipia. Wale watu wa malori si wema kuliko watu wa kompyuta. Wamefungwa na mkataba. Huduma inafika Kolwezi pale anayeidai anapokuwa na nguvu ya kuidai. Mwalimu wa shule ya sekondari, sekretari wa parokia, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, kijana wa sibakafe anayechapa barua za watu, hawa kila mmoja ananunua peke yake, bila mkataba, bila wakili. Ndiyo maana wanaachwa.

Wala watengenezaji wa laptopu wasidai kwamba hawapajui hapa. Mnamo Januari 2016 Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo la Afrewatch walitoa ripoti iliyofuata kobalti kutoka mashimo ya wachimbaji wadogo wa eneo hili hadi kwenye betri, na wakaziuliza kampuni 16 za kimataifa swali moja: kobalti yenu inatoka wapi? Miongoni mwa walioulizwa walikuwamo watengenezaji wa laptopu tunazozinunua: Apple, Dell, HP, Lenovo, Microsoft. Baada ya aibu ile kampuni kadhaa zilianza kutangaza majina ya viwanda vinavyosafisha kobalti yao, na wakaguzi wakatumwa hadi Kolwezi. Mnamo Desemba 2019 familia za Kikongo ambazo watoto wao walikufa au kulemazwa katika mashimo zilizishtaki Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington. Kesi ilishindwa, na mnamo Machi 2024 mahakama ya rufaa ikaona kwamba kununua kobalti kupitia mlolongo wa kimataifa hakutoshi kuifanya kampuni kuwa mshiriki wa maovu yaliyotendeka shimoni. Waliachiliwa kisheria. Lakini baada ya miaka yote hiyo ya ripoti, wakaguzi na mawakili, nani kati yao atasimama aseme hajui Kolwezi iko wapi? Mfumo unaoweza kufuata mfuko wa mawe kutoka soko la Musompo hadi kiwanda cha China unashindwaje kufuata laptopu moja kutoka Dubai hadi Dilala?

Hapa nataka nieleweke vizuri, maana wapo wanaotuombea huduma kwa jina la kobalti, wakisema kwa kuwa Kongo inatoa takriban robo tatu ya kobalti ya dunia, basi dunia itufikirie. Mimi sikubali kuomba namna hiyo. Kobalti ina madai yake, makubwa na ya uchungu. Wachimbaji wasiopungua 43 walifukiwa katika eneo la KCC mnamo Juni 2019, na damu yao haifidiwi kwa kioo kipya cha laptopu. Garanti naidai kwa sababu nyingine iliyo nyepesi na isiyopingika: tumeilipa. Mkulima wa kijiji kisicho na hata kokoto moja ya madini angekuwa na haki ile ile. Nikiitaja kobalti, naitaja kama ushahidi kwamba njia ipo, wapita njia wapo, na majina ya mahali petu yamo katika madaftari yao.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Si kila mashini inayokufa hapa imekufa kwa kosa la kiwanda. Umeme wa SNEL unakatika na kurudi kwa kishindo, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yapo hapa hapa jirani juu ya mto Lualaba. Shaja zinaungua, bodi zinaungua. Vumbi jekundu la kiangazi linaziba feni mpaka mashini inachemka. Wapo wanaomwaga chai juu ya kibodi kisha wakanyamaza. Mtengenezaji ana haki ya kukataa madhara hayo, na muuzaji naye ana haki ya kutotwishwa yasiyo yake. Lakini nani anaamua kipi ni kosa la kiwanda na kipi ni kosa la umeme, ikiwa hakuna mtu hapa mwenye idhini ya kuifungua mashini akaitazama? Leo hukumu inatolewa bila uchunguzi. Mtu wa mbali anasoma barua, anaona neno Kongo, anaamua kwamba ni umeme.

Na makosa ya kiwanda yapo, wenyewe wamekiri. Mnamo Agosti 2006 Dell iliita zirudishwe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu vipande vidogo vya metali vilikuwa vimebaki ndani ya seli na vingeweza kuwasha moto. Apple ikafuata na betri nyingine milioni 1.8. Mnamo Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa sababu ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa viungo vyake zinapopata joto na kupoa. Mnamo Juni 2018 Apple ilikubali kutengeneza bure kibodi za MacBook zilizokuwa zikigoma kwa punje ya vumbi, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya kibodi hizo. Fedha hizo zilikwenda kwa wanunuzi wa majimbo 7 ya Marekani. Kibodi iliyogoma Kolwezi, mji wenye vumbi kuliko mengi ya majimbo hayo, haikuhesabiwa.

Jambo hili linapita hasara ya fedha. Mnamo Juni 2019 Apple iliita zirudishwe laptopu za MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, takriban 432,000 katika Marekani peke yake, kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kali na kuwaka. Mwezi wa Agosti wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani wakakumbusha kwamba mashini hizo zisipande ndege kabla ya kubadilishwa betri. Sasa jiulize: mashini ya mwaka 2015 au 2016 leo iko wapi? Imeuzwa mara ya pili, mara ya tatu. Imepakiwa katika kontena la vitu vilivyokwisha kutumika, imeandikwa okazio ya Ulaya, na kijana wa hapa anaisifu kwa sababu ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Analala nayo kitandani ikiwa inachaji. Tangazo la kuirudisha lilitolewa katika tovuti asiyoijua, likawafikia watu walioandikishwa majina yao wakati wa kununua. Yeye hakuandikishwa. Redio ya hapa haikupewa tangazo lile. Watengenezaji wanaojua kutufikishia matangazo ya kuuza hadi kwenye simu zetu wanashindwa kutufikishia tangazo la kutuokoa na moto.

Wauzaji wa hapa nao siwaachi. Najua hali yao: wengi wamenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na huko juu hakuna aliyewapa dhamana yoyote. Lakini hiyo haiwapi ruhusa ya kubandika neno garanti kwenye kioo cha duka halafu wakatoa karatasi isiyo na namba ya mashini, isiyo na tarehe, isiyo na muhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekataa kumwandikia mteja fakture kamili anajua anachokifanya: anamnyang'anya ushahidi kabla ya ugomvi kuanza.

Sheria tunayo, ingawa ni kongwe. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo mahakama za Kongo zinaitumia hadi leo, inamfunga muuzaji kuwajibika kwa kasoro zilizofichika zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupewa fedha yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza anadaiwa na fidia juu yake. Kwa hiyo yule anayekwambia kwamba ukishatoka dukani mambo yamekwisha, anakudanganya. Kibandiko cha duka hakifuti sheria ya nchi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inamtaka mnunuzi achukue hatua kwa haraka, bila kumwekea muda unaojulikana, na kumtaka mtu mmoja abebe mzigo wa kesi ambayo gharama yake inaweza kuipita bei ya laptopu. Sheria za biashara za OHADA, zilizoanza kutumika nchini mwetu mwezi Septemba 2012, zina sura nzima ya mauzo, lakini sura hiyo ni ya wafanyabiashara kwa wafanyabiashara, inamwacha nje anayenunua kwa matumizi yake ya nyumbani. Kanuni ya Dijitali ya Machi 2023 inagusa biashara ya mtandaoni. Mteja wa kawaida anayetoa noti mkononi katika duka la Dilala anabaki, kwa sehemu kubwa, na dekreti iliyoandikwa kabla babu yake hajazaliwa.

Wenzetu wamekwenda mbele. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaostahili na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Tanzania ina Tume ya Ushindani iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2003. Umoja wa Ulaya ulikwisha kuweka garanti ya kisheria ya miaka 2 kwa agizo la mwaka 1999, na kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka zitakazouzwa huko zitatakiwa ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Nchini Australia, mwaka 2013, mahakama iliitoza HP dola milioni 3 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki zao za kutengenezewa na kubadilishiwa kompyuta. Mtengenezaji ni yule yule. Mashini ni zile zile. Heshima inabadilika kulingana na sheria anayoikuta bandarini.

Nasi si yatima. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Jumuiya hiyo ina sheria ya ushindani ya mwaka 2006 na mamlaka yake Arusha. Sisi ni wanachama wa soko la pamoja la COMESA, yenye tume yake Lilongwe iliyoanza kazi mwaka 2013, na kanuni zake zina sehemu ya kumlinda mtumiaji katika biashara inayovuka mipaka. Laptopu inayopita Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa imevuka mipaka mbele ya macho ya kila mtu. Kwa nini garanti inayoheshimiwa Nairobi, Dar es Salaam au Lusaka ife inapogongwa muhuri Kasumbalesa? Viongozi wetu wanaokwenda katika vikao vya jumuiya hizo waulizwe swali hilo wanaporudi kuomba kura.

Na tuwataje mafundi. Katika vibanda vya Dilala na Manika kuna vijana wanaofufua mashini zilizokataliwa na viwanda. Wanapasha chipu moto na kuzichomea upya, wanavuna vipuri kutoka mashini zilizokufa, wanasoma bodi kwa mita ya umeme na akili zao wenyewe, kwa sababu michoro ya bodi wamenyimwa na vipuri halisi hawauziwi. Mkono wa ufundi si mgeni katika nchi hii ya shaba. Kampuni ya madini ya Gécamines ilikuwa na karakana kuu Panda, Likasi, ambako mashine za migodi zilitengenezwa na watu wetu. Halafu mtengenezaji wa laptopu anatuambia kwamba fundi wa Kolwezi akiigusa mashini, garanti imekufa. Huko Marekani kwenyewe, mnamo Aprili 2018, tume ya serikali inayosimamia biashara ilizionya kampuni 6 kwamba kumtisha mteja kwa maneno ya aina hiyo ni kinyume cha sheria yao ya garanti ya mwaka 1975. Sheria ya haki ya kutengeneza ya jimbo la New York ilitiwa saini mwishoni mwa mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lake mwaka 2024. Kama fundi wa Brooklyn anapaswa kupewa michoro na vipuri, fundi wa Dilala amekosa nini? Mfunzeni, mpimeni, mpeni idhini, muuzieni vipuri kwa bei ya haki, na kituo cha garanti Kolwezi kitakuwa kimepatikana bila kumleta hata mtu mmoja kutoka ng'ambo.

Serikali isituambie kwamba haina nguvu mbele ya kampuni za dunia. Mwaka 2018 serikali ya nchi hii iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha wake hadi asilimia 10, kampuni zikapiga kelele, kisha zikalipa. Tarehe 22 Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgao, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Dola inayoweza kufunga bomba la kobalti ya dunia inaweza kulizuia kontena moja la laptopu Kasumbalesa na kuuliza: garanti ya bidhaa hizi itahudumiwa wapi? Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, OCC, inakagua na kutoza bidhaa zinazoingia. Tunailipa kupitia bei. Basi ikague na hili.

Madai yangu ni haya, na sitapunguza hata moja. Bunge litunge sheria ya kumlinda mnunuzi, yenye garanti ya lazima isiyopungua miaka 2 kwa kompyuta mpya, ihesabiwe kuanzia siku mteja aliponunua. Mwagizaji yeyote wa laptopu mpya aonyeshe mpakani mkataba wa kituo cha matengenezo kilichopo ndani ya nchi, na kwa jimbo la Lualaba kituo hicho kiwe Kolwezi. Mtengenezaji abebe usafiri wa mashini mbovu kwenda na kurudi. Fakture yenye namba ya mashini, tarehe na anwani ya muuzaji iwe sharti la leseni ya duka, na serikali ya jimbo ipite kukagua. OCC ikusanye orodha za betri na mashini zilizoitwa kurudishwa, izitangaze redioni kwa Kiswahili na Kifaransa. Michoro na vipuri wauziwe mafundi.

Nawe msomaji una sehemu yako, nayo inaanza leo. Usitoe dola zako bila fakture kamili. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya mashini katika tovuti ya mtengenezaji mbele ya muuzaji, uone garanti inaishia lini na inatumika nchi gani. Ikiwa ni ya soko jingine, dai bei ishuke au ondoka. Okazio yoyote iliyo na betri iliyovimba iache pale pale. Ukinyimwa haki, andika barua kwa muuzaji, baki na nakala, nenda mahakama ya amani na dekreti ya mwaka 1888 mkononi. Walimu wa shule moja wakiungana, wanafunzi wa kitivo kimoja wakiungana, wananunua kwa pamoja na kuandika masharti yao kabla ya kulipa, kama migodi inavyoandika masharti ya malori yake.

Ninyi watengenezaji, fedha yetu mmeipokea Kolwezi bila kulalamikia umbali. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili mtalilipa hapa hapa mlipolikopa.